Kuzuru ngome na majumba ya wafalme Tanzania: mwongozo kamili kwa anayetaka kuanzia baharini

Ukipanda boti ya asubuhi kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja, kaa upande wa kulia. Baada ya kama saa mbili, boti huzunguka ncha ya Shangani, na kabla ya kufunga gati Malindi hupita mbele ya Mji Mkongwe. Hapo ziara yako imeshaanza. Kwanza utaiona Ngome Kongwe nyuma ya miti ya Forodhani, minara yake minene ya rangi ya mawe. Inafuata Beit el-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, kisha uwazi wenye miti, kisha Beit el-Sahel, jumba jeupe ambalo kuta zake zimechongwa kileleni kama meno ya msumeno. Yote unayapata kwa mstari mmoja, kwa dakika chache, na hutayaona hivyo tena ukishateremka.

Yalijengwa yaonwe na mtu anayekuja na chombo: mfanyabiashara wa Kihindi, nahodha wa Kiarabu anayeletwa na upepo wa kaskazi, balozi wa Ulaya, meli ya kivita. Anayeyaendea kwa njia ya mitaani anaingilia uani. Miaka yote niliyoyatembelea nimejifunza kubeba maswali mawili, nawe nakuomba uyabebe: uso wa jumba hili unatazama wapi, na maji yake yalitoka wapi? Ukiyajibu mawili hayo kwa macho yako mwenyewe, hata gofu lenye nguzo nne litakwambia mengi.

Mwongozo huu ni wa siku sita: tatu Unguja, moja ya njiani, mbili Kilwa. Mkenya anayesoma haya ana mahali pazuri pa kujiandalia nyumbani. Fort Jesus ya Mombasa ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593, Waomani wakaiteka Desemba 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu, na Ngome Kongwe ya Unguja ilizaliwa na ushindi huo.

Kabla hujaondoka nyumbani

Chagua msimu kwanza. Masika, yaani Machi hadi Mei, njia za Kidichi na za Kilwa Kisiwani huwa tope na magofu huteleza. Juni hadi Oktoba ni kukavu, ila kusi huvuma, na Kilwa upepo huo hupanda kadiri jua linavyopanda. Kwa hiyo vuka bahari asubuhi. Desemba hadi Februari bahari huwa na joto na kaskazi. Miezi hiyo inafaa, jiandae tu kwa jua kali.

La pili ni mwezi, na hapa simaanishi wa kalenda. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Kilwa wakati wa bamvua unaweza kukuta chombo kimelala kwenye mchanga na wewe unatembea majini hadi magotini. Maji mafu, kati ya bamvua mbili, ni rahisi zaidi kwa mwenye watoto au wazee. Uliza mvuvi yeyote, atakupa saa za kujaa na kupwa za wiki nzima bila kutazama kitu.

La tatu: uliza kilicho wazi. Beit el-Ajaib ilianguka sehemu yake ya mbele tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafa. Majumba haya yote ni wagonjwa wa muda mrefu; leo limefunguliwa, kesho lina jukwaa la mafundi. Piga simu au uliza mtu aliyeko pale wiki hiyohiyo. Usitegemee picha za mtu aliyekwenda miaka mitano nyuma.

Beba kitambulisho chako cha taifa, kwa sababu viingilio vya raia na vya wageni hutofautiana sana. Beba pesa taslimu ndogondogo. Vaa kiatu kilichofunga, maana mawe ya matumbawe hukata. Beba tochi, kwa ajili ya hamamu, yaani nyumba za kuogea za kale. Beba kanga au mtandio hata kama huvai kwa kawaida: utapita kwenye makaburi, misikiti na vijiji vya watu, na kujifunika ni heshima inayofungua mazungumzo. Ikiwa ni Ramadhani, usile wala kunywa hadharani mchana. Ijumaa, usipange jambo lolote linalomtegemea mtu kati ya saa sita na saa nane.

Kuhusu mwongoza watalii, patana bei kabla hamjaanza kutembea na muombe akuonyeshe kitambulisho chake cha kazi. Halafu muulize swali moja: Beit el-Hukm ilikuwa wapi? Anayeijua kazi yake atakuonyesha ule uwazi kati ya majumba mawili na kukueleza kwa nini hakuna jumba pale. Anayebabaika, mshukuru na mtafute mwingine.

Siku ya kwanza: mstari wa Forodhani

Anza saa tatu asubuhi ndani ya Ngome Kongwe, kabla jua halijapanda. Wareno walikuwa na kanisa dogo hapa mwanzoni mwa karne ya 17. Waomani walipowafukuza walijenga ngome juu yake, na ukitazama vizuri ukuta wa ndani utaona mabaki ya jengo la zamani yamemezwa na jipya. Karne ya 19 ngome ikawa gereza. Neno lenyewe, gereza, tumelipata kwa Wareno; kwao ni kanisa. Simama uani ulifikirie hilo kidogo: kanisa, ngome, jela, na sasa jukwaa la muziki na filamu, katika kiwanja kimoja. Nusu saa inatosha.

Toka, ugeukie ukuta wowote uliobanduka chokaa, usogelee karibu kabisa. Utaona jiwe la matumbawe lenye vitundu kama sega la nyuki, na kati ya jiwe na jiwe chokaa nyeupe yenye punje. Chokaa hiyo ni matumbawe yaliyochomwa tanuuni, yakazimwa kwa maji. Ukuta wa namna hii hunywa unyevu na kuutoa, mwaka baada ya mwaka. Fundi akiupaka saruji anauziba pumzi: maji ya mvua na chumvi hubaki ndani, ukuta huoza taratibu huku nje ukionekana mpya. Kila unapoona kijivu cha saruji kwenye jengo la kale, ujue hapo ndipo patakapobomoka. Ndiyo sababu nasikitika ninapoona mtu anamwaga zege kwenye jengo la aina hii kwa nia njema.

Ukiingia chumba chochote cha zamani tazama juu. Dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti haina urefu usio na mwisho. Ndiyo iliyoamua upana wa chumba. Kwa hiyo vyumba vya pwani ni virefu na vyembamba hata kwa mfalme. Mkubwa alionyesha ukubwa wake kwa urefu wa chumba, kwa kimo cha dari, kwa vidaka vya ukutani vilivyopangwa vyombo vya kaure, na kwa mlango.

Beit el-Ajaib ilivunja sheria hiyo. Sultani Barghash bin Said aliijenga mwaka 1883, na nguzo zake ni za chuma, ndiyo maana ikaweza kupanda ghorofa juu ya ghorofa na kuzungukwa na baraza pana pande zote. Ilikuwa jumba la kwanza Unguja kuwa na taa za umeme, na lifti yake inatajwa kuwa ya kwanza Afrika Mashariki. Barghash, kabla ya kutawala, alikuwa amepelekwa uhamishoni Bombay baada ya kushindwa kumpindua ndugu yake, Sultani Majid. Aliona mengi huko, na alipokalia kiti mwaka 1870 akarudi nayo. Hata kama utaikuta imezungushiwa mabati, simama mbele yake upande wa bahari. Isome kutoka hapo.

Sasa nenda kwenye ule uwazi. Hapa palikuwa na Beit el-Hukm. Majumba matatu, Beit el-Ajaib, Beit el-Hukm na Beit el-Sahel, yaliunganishwa kwa madaraja ya juu ili wanawake wa nyumba ya kifalme wapite bila kuonwa na watu wa chini. Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla, na Khalid bin Barghash akaingia jumbani na kujitangaza. Waingereza walimtaka mtu wao. Wakampa Khalid hadi saa tatu asubuhi ya tarehe 27 awe ametoka. Saa tatu na dakika mbili meli zao zikaanza kupiga. Hazikufika dakika 45, kwisha. Watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa, yeye akakimbilia ubalozi wa Ujerumani, Beit el-Hukm ikabomoka na Beit el-Sahel ya kale nayo pia. Uso uliotazama bahari kwa fahari ndio uliopokea mizinga. Mnara wa saa unaouona kwenye Beit el-Ajaib uliwekwa pale wakati wa matengenezo baada ya vita hivyo. Zamani mnara ulisimama peke yake mbele ya jumba.

Beit el-Sahel unayoiona leo ilijengwa baada ya 1896, na masultani walikaa humo hadi Mapinduzi ya Januari 12, 1964, Sultani Jamshid bin Abdullah alipoondoka kwa bahari. (Alifariki Oman mwishoni mwa 2024.) Likawa Jumba la Wananchi, kisha makumbusho. Ukiikuta wazi, ipe saa moja na nusu na usikimbilie samani. Tafuta chumba cha Bibi Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, akaondoka Unguja 1866 na kuolewa na mfanyabiashara wa Hamburg. Kumbukumbu alizoandika kwa Kijerumani, zilizochapishwa 1886, ndizo zinazotupa maisha ya ndani ya majumba haya, jinsi watu walivyokula, walivyooga, walivyogombana. Kesho utakwenda alikozaliwa, kwa hiyo soma maelezo yake leo.

Kando ya jumba kuna makaburi ya masultani, Seyyid Said akiwemo. Alifia baharini mwaka 1856 akirudi kutoka Oman. Ingia kwa adabu, usikanyage, usipige picha kabla ya kuuliza.

Alasiri nenda Hamamni. Jina la mtaa linasema lenyewe: palipo na hamamu. Barghash aliijenga kwa ajili ya watu wa mji, na iliacha kutumika karibu 1920. Ufunguo huwa kwa mtu wa jirani, uliza tu. Washa tochi utafute mifereji ya maji sakafuni, ujionee yalivyotoka chumba cha moto kwenda cha baridi. Barghash ndiye aliyevuta maji ya chemchemi ya Bububu hadi mjini kwa mabomba. Kesho njia yako itaelekea huko.

Rudi Forodhani kabla ya magharibi. Mji unatazama machweo, na kuanzia saa kumi na moja jua hupiga majumba usoni. Piga picha zako saa hiyo. Asubuhi uso huo una kivuli.

Siku ya pili: barabara ya Bububu

Panda daladala ya Bububu kutoka Darajani, au kodi gari kwa siku kama mko zaidi ya watatu. Wengi huanza na Maruhubi kwa kuwa iko karibu. Mimi nakushauri uipite, uanze Mtoni, uende Kidichi, na Maruhubi uiache ya jioni. Kwa mpangilio huo utafuata miaka: Mtoni ni ya miaka ya 1830, Kidichi ya 1850, Maruhubi ya 1882.

Mtoni ilikuwa jumba la Seyyid Said bin Sultan, yule aliyehamishia makao yake kutoka Muscat hadi Unguja. Jina limetokana na mto mdogo ulioingia baharini hapohapo. Bibi Salme anasimulia ua mkubwa wenye tausi, paa na mbuni wakitembea huru, na watu zaidi ya elfu moja wakiishi ndani. Anasimulia pia jumba la mviringo la mbao lililosimama ukingoni mwa bahari, liitwalo Bendjle, ambako baba yake alitembea huku na huko kwa saa nzima, kichwa chini, akiwaza. Moto wa mwaka 1914 uliliunguza jumba. Leo utakuta kuta, matao na mabaki ya hamamu. Tembea hadi hamamu kwanza, kisha geuka uelekee bahari ukisikiliza maji. Siku niliyokwenda kwa mara ya pili nilimkuta bibi mmoja ameketi juu ya kizingiti akichambua mchicha. Nikamwamkia, shikamoo bibi. Akaniitikia, kisha akanionyesha kwa kisu chake mahali ambapo mto ulikuwa ukipita alipokuwa msichana. Nilikuwa nimepita hapo mara mbili bila kupajua. Waulize wazee wa mahali.

Kidichi iko juu kwenye miinuko ya mashamba ya karafuu na nazi. Kutoka Bububu chukua bodaboda au tembea kama una nguvu. Hamamu hii ilijengwa na Seyyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, Shehrazade, aliyezoea maji ya moto baada ya kuwinda na kupanda farasi. Nje ni mapaa ya kuba meupe tu, mtu anaweza kudhani ni kisima. Ndani, ukishazoea giza, elekeza tochi juu ya matao: maua, ndege na mitende vimechongwa kwenye chokaa kwa mtindo wa Kiajemi. Mapambo ya namna hii ni adimu sana Unguja. Maji na joto la tropiki vinayala, basi usiyaguse, na usimruhusu mtoto ayaguse.

Hapa sitaki upite bila kusema jambo. Mashamba unayoyaona yalipandwa, kupaliliwa na kuchumwa na watumwa, na fedha za karafuu na za biashara ya watumwa ndizo zilizochoma chokaa ya majumba yote haya. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Mwongoza watalii akikueleza uzuri wa hamamu bila kutaja aliyebeba maji na kuni za kuichemsha, muulize wewe.

Maruhubi ufike saa kumi. Barghash alilijenga pwani kwa ajili ya masuria wake, likaungua mwaka 1899, miaka kumi na saba tu baada ya kujengwa. Nguzo nene za mawe zimebaki zimesimama kwa mistari na hazibebi chochote. Zilikuwa zikibeba baraza za mbao. Nyuma yake kuna birika kubwa za maji, na humo maua ya yungiyungi hustawi. Ingia kwenye hamamu, tafuta kiti cha mawe, kisha nenda ufukweni. Mafundi wa majahazi hufanya kazi kule, na nyundo zao zitakuongoza. Kutoka majini utaona jinsi nguzo zilivyopangwa kumwelekea anayekuja na chombo.

Siku ya tatu: Dunga, ngome iliyoipa bahari mgongo

Asubuhi ya tatu panda gari la Chwaka ushuke Dunga, katikati ya kisiwa. Kabla na hata wakati wa masultani wa Kiomani, Unguja ilikuwa na mtawala wake wa asili, Mwinyi Mkuu. Muhammad bin Ahmed al-Alawi alijenga jumba hapa, likakamilika miaka ya 1850. Alifariki 1865, na mwanawe Ahmed, aliyefariki kwa ndui mwaka 1873, akawa wa mwisho. Ngoma na siwa (baragumu) za enzi yao zilihifadhiwa makumbusho. Wenyeji hukusimulia kwamba damu ya watumwa ilichanganywa kwenye chokaa ya jumba hili. Ni simulizi, na inafaa kusikilizwa kama simulizi: inaeleza jinsi watu walivyoikumbuka nguvu iliyowakalia.

Jiulize sasa lile swali la kwanza. Uso wa Dunga unatazama wapi? Unatazama watu wake, wakulima na wavuvi wa Wahadimu, wenyeji wa asili wa kisiwa. Mtu aliyenyang'anywa pwani alijenga bara. Ndani ya kuta zake kaa kimya dakika kumi. Huwa hapana msongamano.

Ukiwa na siku mbili za ziada baadaye, nenda Kalenga, karibu na Iringa, ukaone ndugu yake wa bara. Ngome ya Mtwa Mkwawa wa Wahehe ilivunjwa na Wajerumani tarehe 30 Oktoba 1894, miaka mitatu baada ya yeye kuwashinda Lugalo. Hutakuta minara, utakuta mistari ya ukuta ardhini na makumbusho madogo yenye fuvu la Mkwawa, lililorudishwa mwaka 1954. Bagamoyo nayo ina ngome ya 1860 unayoweza kuimaliza kwa saa moja ukiwa njiani, na sina zaidi la kusema juu yake.

Siku ya nne: njia ya Kilwa

Rudi Dar kwa boti ya jioni ya siku ya tatu ukalale. Asubuhi na mapema panda basi la Kilwa Masoko upande wa Mbagala. Ni zaidi ya kilomita 300 kwenda kusini, kupitia daraja la Rufiji na njia panda ya Nangurukuru. Hakikisha basi linafika Masoko yenyewe, maana mengine hupitiliza kwenda Lindi na kukuacha Nangurukuru.

Ukifika, fanya mambo mawili kabla ya kula. Kwanza nenda ofisi ya mambo ya kale ukachukue kibali na kulipia mwongoza wa kesho. Huvuki bila hicho. Pili nenda bandarini ukapatane na nahodha, na mpatane kwa saa, siyo kwa safari. Nilijifunza hili kwa uchungu. Mara ya kwanza nilipatana bei nafuu ya kwenda na kurudi, tukazunguka misikiti taratibu, na tulipofika Husuni Kubwa nahodha akatuma mtoto kuja kuniambia maji yanatoka. Nilipata dakika ishirini kwenye jumba nililosafiri siku nzima kuliona.

Siku ya tano: Kilwa Kisiwani

Vuka saa moja asubuhi. Umbali ni mdogo, na kwa mashua ya mashine huchukui muda. Unachokiona kwanza ni Gereza, ngome iliyosimama ukingoni kabisa mwa maji. Wareno walijenga ngome mwaka 1505, wakaiacha 1512; Waomani wakaijenga upya karibu 1800. Bahari imekula upande mmoja wa kuta zake. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara vimo katika Urithi wa Dunia tangu 1981, na kuanzia 2004 hadi 2014 vilikuwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Tazama mikoko iliyopandwa kuzuia mawimbi, na usiipite kwa mkato.

Ukishateremka, usianze na Gereza wala Msikiti Mkuu. Mwambie mwongoza wako akupeleke Husuni Kubwa kwanza, mwendo wa kama nusu saa kwa miguu kuelekea mashariki, kupitia mashamba na nyumba za watu. Amkia unaowapita. Au muulize nahodha kama maji yanaruhusu kukushusha ufukweni chini yake. Yakiruhusu, kubali, kwa sababu huo ndio mlango wake wa heshima.

Husuni ni neno la Kiarabu la ngome, ila hili lilikuwa jumba. Sultani al-Hasan bin Sulaiman alilijenga mwanzoni mwa karne ya 14, wakati dhahabu ya Sofala, katika Msumbiji ya leo, ilipita mikononi mwa Kilwa. Ibn Battuta alifika mwaka 1331 na kumkuta akiitwa Abu al-Mawahib, baba wa zawadi, kwa ukarimu wake. Jumba lina vyumba zaidi ya 100 juu ya mwamba unaotazama bahari, na halikuwahi kukamilika.

Lizuru kwa utaratibu huu. Ingia kwa upande wa kusini, kwenye ua mpana uliozungukwa na vyumba vinavyofanana, ambavyo vinadhaniwa kuwa vya biashara na bohari. Songa kaskazini hadi ua wenye ngazi, mahali ambapo sultani aliweza kukaa mbele ya watu. Kisha tafuta birika la kuogelea lenye pembe nane. Shuka taratibu, kaa ukingoni, pitisha kiganja juu ya jiwe: limechongwa laini, kwa pembe safi, na mafundi ambao shoka na tezo zao zilikuwa zikigongana na matumbawe miaka 700 iliyopita. Hapa kisiwani hakuna mto. Swali la pili la safari yetu linauma zaidi hapa kuliko Kidichi, kwa sababu birika ni kubwa na kisima hutoa maji kwa mikono ya mtu.

Endelea kaskazini hadi jumba linapoishia, ngazi zinaposhukia pwani. Ukitazama chini utaona njia ya maji waliyoingia nayo majahazi. Husuni Ndogo iko jirani, ukuta mkubwa wa mstatili ambao wataalamu bado wanabishana ulikuwa wa nini. Dakika kumi na tano zinatosha.

Ukirudi mjini pitia Makutani, jumba la masultani wa baadaye lenye ukuta mkubwa wa karne ya 18, kisha Msikiti Mkuu na kuba zake, halafu Gereza mwisho ukiwa unasubiri chombo. Kunywa maji ya dafu kwa wenyeji na ulipe vizuri. Kijiji hiki ndicho kinachoyalinda mawe haya siku ambazo hakuna mgeni.

Siku ya sita: Songo Mnara, kama maji yatakubali

Songo Mnara ni kisiwa kingine kusini, na ni safari ya siku nzima kwa mashua ya mashine. Kibali chake kiombe pamoja na cha Kilwa. Njia ya kufikia magofu hupita kwenye mikoko, nawe utavua viatu na kutembea kwenye tope. Kuna jumba na nyumba za mawe za karne ya 14 na 15 zilizosimama pamoja kama mtaa, ambapo unaweza kuingia kwa mlango, kupita ukumbi, kufika ndani, na kuona vidaka na mahali pa choo. Nahodha ndiye atakayeamua saa ya kuondoka na saa ya kurudi, kulingana na maji. Mwachie hilo. Akikwambia asubuhi kwamba upepo wa leo si wa kwenda, mwamini, lipia mashua hiyohiyo ikuvushe tena Kisiwani, umwombe apite polepole chini ya mwamba wa Husuni Kubwa kabla hamjafunga nanga.